Kidonda Ndugu

Walikuita ndugu, na mie nikakubali.
Mama yetu hakukuzaa.
Ulizaliwa na karai la mafuta ya maandazi
asubuhi ya sikukuu, nina miaka sita,
mbio, kanga mpya, ukuni umetokeza nje ya mafiga.
Mafuta yalishuka gotini hadi kwenye kifundo.
Wakanipaka asali, wakanipaka dawa ya meno,
mwingine akaja na yai.
Nikapona. Ikabaki ngozi ya kung'ara, imekunjana
kama jamvi lililonyeshewa likakauka vibaya.

Miaka thelathini na minne hukusema neno.
Nikaolewa nawe, nikaachika nawe,
tukachambua karafuu sote wawili hadi usiku wa manane.
Kisha, mwaka wa neema, karafuu tele Mtambwe nzima,
ukafumbua jicho.

Jicho dogo. Nikadhani nimechomwa na kijiti.
Nikalifunga kwa kipande cha leso.
Likakataa kufumba.
Mwezi wa pili likaota kingo ngumu, zimebinuka
kama mdomo wa chungu.
Mwezi wa tano ukanuka,
na nzi wakanijua kwa jina.
Bi Time akasema ni kijicho cha watu.
Fundi wa Kangagani akasema nimekanyaga pasipo pangu.
Nikatoa kuku mwekundu, nikatoa na pesa ya makonyo.
Ulikula vyote, ndugu. Hukushiba.

Mkoani, daktari Zuleikha, vidole vyembamba kama vya mtoto wa chuo,
hakuniuliza nimegombana na nani.
Aliuliza: kovu hili lina umri gani?
Akakata kipande sawa na punje ya mpunga,
akakitia kichupani, kikavuka Unguja,
nami nikarudi kungoja wiki tatu
jibu la punje.

"Ni saratani ya ngozi," akasema. "Usilie kwanza.
Nimepapasa kinenani, mtoki hamna.
Umechelewa, ila hukuchelewa mno."
Kovu la moto likikaa miaka, akasema,
kisha likafunguka na lisifunge, si la kungojewa.
Nilitaka kumuuliza mbona hakuna aliyenambia.
Nikamuuliza nauli ya boti.

Wodini Mnazi Mmoja kulikuwa na Bwana Msabah,
mwenye ualbino, fundi baskeli wa Mwanakwerekwe,
miaka arubaini kando ya barabara, hana hata turubai.
Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatwa nusu.
"Sasa nasikia nusu ya umbea," akanambia,
akacheka, bandeji ikamvuta.
Usiku, taa zimezimwa, akasema jingine:
"Jua lilikuwa likinikopesha kila siku kidogo kidogo.
Mie nikidhani linanipa."

Nikamkumbuka Asaa wa mdogo wangu,
nywele kama ndevu za muhindi, midomo imepasuka.
Tunamtuma kuanika, tunamtuma kuanua,
kwa kuwa ana mbio.

Walikukata, ndugu, na ukingo wa nyama nzima ukutoke nao.
Wakachuna ngozi pajani, wakaiatika shimoni
kama mche.
Siku tano sikuruhusiwa kutazama.
Ya sita wakafungua: waridi, mbichi, imeshika.
Nililia hapo, si kabla.

Nachechemea. Kila miezi mitatu naenda kujionyesha.
Msimu huu jua ni zuri, karafuu zinavunjika kwa mlio,
majamvi yamefika hadi kwenye lami,
na Asaa amenuna barazani, kofia ya ukindu,
shati la babake, mikono imempita vidole.
Kazi yake sasa ni ya usiku, kuchambua.
"Mamkubwa, jua linakausha karafuu tu. Mie litanifanya nini?"
Nikapandisha kanga, nikamwonyesha mguu.
Akatazama. Akagusa kwa kidole kimoja.
"Panauma?"
"Hapo sisikii kitu," nikasema. "Hapo hapana mtu."

Akarudi kivulini.
Kofia kaivaa kinyume.