Kiasi Chake

Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa mizani:
robota la mkonge likipanda, sindano ikitetemeka,
nangoja itulie, naandika.
Sikuwahi kuandika "kiasi."

Sasa Mwanakheri yuko Bombo, wodi ya macho,
jicho la kulia limetolewa mtoto, limefungwa,
la kushoto lina ukungu, linangoja zamu yake,
na uji wa huko, anasema, ni maji yaliyosingiziwa unga.
Roho yake inataka mkate wa kumimina.
Nikamwambia usijali, nitaupika mimi.
Simu ikanyamaza. Kisha akauliza:
"Mimi nani?"

Nikaloweka mchele usiku, kilo moja kamili,
dukani kwa Abdulrazak nilisimamia sindano mwenyewe.
Alfajiri nikapanda mbuzi,
yule asiyekula majani,
nikakuna nazi mbili na ngozi ya kidole gumba.
Blenda niliazima kwa Bi Saumu.
Umeme ukakatika katikati ya kusaga,
mchele nusu maziwa, nusu changarawe.
Nikasema, punje zitaivia humo humo.

"Hamira?" nikapiga simu.
"Kiasi."
"Kiasi gani?"
"Kiasi chake."
"Kijiko cha chai au cha chakula?"
"Mhando, we tazama joto la leo likoje.
Upepo ukiwa wa baharini, ongeza. Wa bara, punguza."
"Nitaujuaje?"
"Toa mkono dirishani."

Nikatoa mkono dirishani, barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
mtu mzima, napapasa hewa.
Muuza maji akadhani namwita, akasimamisha mkokoteni.
Nikanunua madumu mawili kwa aibu.
Hamira nikatia vijiko vitatu. Vya chakula.

Saa nne rojo likaanza kupumua.
Saa tano likavuka ukingo wa bakuli,
likashuka mguu wa meza, likaelekea mlangoni
kama mtu aliyekumbuka ana safari.
Nikalirudisha kwa mwiko, nikalimimina sufuriani,
makaa chini, makaa juu ya kifuniko,
hayo nayajua, nimeyaona miaka mingi
nikiwa kitini.

Chini kukanuka. Juu kukanuka.
Katikati hakukusema neno.

Nilipofunua, ngozi ya mkate ilibaki kifunikoni,
nyeusi, inang'aa kama lami ya juzi.
Nikachoma kijiti, kikatoka na maziwa.
Kipande nikawatupia kuku wa Bi Saumu,
kuku waliowahi kula sabuni;
jogoo akakizunguka, akanitazama,
akaenda zake.

Nikaupima. Sijui kwa nini.
Kilo mbili na robo.
Ndilo jambo pekee nililolielewa siku ile.

Nikaufunga kwa kanga yake, nikaenda nao Bombo,
njiani natunga: makaa yalikuwa mabichi, sufuria si yetu.
Nikajipa moyo, rangi angalau hataiona.
Nilisahau mikono.
Aliupakata, akaupapasa
kama kichwa cha mtoto mwenye homa.
Kidole kikavuka ukoko, kikazama.
Akakinusa, akakilamba.
"Umetia vijiko vitatu."
Nikanyamaza.
"Na umeme ulikatika."
"Nani kakwambia?"
"Punje."

Mama wa kitanda cha pili akaomba kipande.
"We kunywa uji wako," Mwanakheri akamjibu, "huu wangu."
Vidole vyake vikaendelea kutafuta pembeni,
kati ya palipoungua na palipo pabichi,
mpaka vikaufikia ukanda mwembamba, upana wa kalamu,
ambao, wallahi, ulikuwa mkate.
Akaumega, akatafuna polepole.
Kisha bega likaanza kumtikisika,
nikadhani analia,
kumbe anacheka, anacheka na bandeji yake,
kitanda kinalia nyii, nyii,
hata muuguzi akaja mbio kutoka mlangoni:
"Mama, utalitonesha jicho! Cheka kiasi!"

Nikafungua mdomo kuuliza.