Kupita Kiupande

Fundi wa mashine ya kufulia alifika Jumanne,
akaipima korido kwa macho, akalipima tumbo lake,
akashusha sanduku la vifaa kizingitini.
"Mama," akasema, "mimi hapa sipiti."

Ndivyo ilivyoanza.
Si kwa toba, wala kwa mahubiri ya dada yangu Ludmiła
anayenikumbusha kila Pasaka kwamba nyumba ni ya watu.
Ni tumbo la fundi.

Ghorofa ya nne, mtaa wa Retkinia, jijini Łódź,
vyumba viwili
na filamu elfu moja mia moja na arobaini.
Idadi naijua. Ninalo daftari.
Waliosema mali bila daftari huisha bila habari
hawakutuambia habari ya mali yenye daftari:
ile haiishi. Inazaana.
Iko juu ya friji, iko chini ya kitanda,
iko ndani ya oveni tusiyoiwasha tangu binti ahame,
na kutoka mlangoni hadi bafuni
mume wangu Zenon hupita kiupande, kama kaa,
mwaka wa kumi na tisa sasa,
kikombe cha chai kakiinua juu ya kichwa.

Nimepanga katoni tatu.
Ya kubaki. Ya kwenda. Ya sijui.
Kufika saa sita mchana, ya sijui imefurika.

Kanda ndizo kongwe,
za enzi tulipozinunua kwenye buti la gari la mtu,
ambamo sauti ya mwanamume mmoja
husoma maneno ya wote:
bibi harusi, jambazi, kasisi, mtoto anayelia,
wote kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya viazi.
Mapenzi niliyajua kwa sauti ile.
Zenon aliponiposa, koo likimtetemeka,
nilidhani ananitania.

Akiba haiozi, eti.
Waje wazinuse hizi za nyuma ya bomba la joto:
ukungu umeota juu ya utepe
kama ndevu za siku tatu.

Kisha diski. Mia mbili na kumi bado zimo ndani ya nailoni.
Nilizinunua nikitoka zamu ya usiku,
nimeshaikabidhi tramu, macho mekundu,
na leo ndipo naona sikuwa nanunua filamu.
Nilikuwa nanunua jioni.
Jioni mia mbili na kumi za mtu aliyevua viatu,
asiye na zamu kesho.
Huu mwaka wa saba tangu nistaafu. Jioni ninazo.
Saa tatu nimeshalala.

Gracjan wa duka la mitumba alilipa kwa kilo.
Kiasi sikitaji;
kilitosha nyama, kabichi, na chenji ya limau moja.

Kanda moja nilimpokonya akiwa mlangoni.
Filamu yenyewe ovyo, farasi na vumbi.
Lakini usiku ule nilipoirekodi nilipitiwa na usingizi,
mashine ikaendelea, na huko mwishoni, farasi wakiisha,
upo utabiri wa hali ya hewa wa Novemba moja ya zamani:
mwanamke mwenye koti la mabega mapana
anapapasa ramani, anasema
kesho theluji itaanzia kaskazini,
wenye safari waondoke mapema.
Sikumbuki kama ilianguka.
Sitaki kukumbuka. Nataka iwe bado kesho.

Ukutani zimebaki alama za rafu,
karatasi ya maua bado kijani pale,
kama siku tulipoibandika tukigombana.
Fundi amerudi, amepita, amekunywa chai.
Ludmiła nimemwambia nusu ya ukweli:
chini ya kitanda sijagusa.

Na usiku namsikia Zenon akienda bafuni.
Korido tupu, pana, taa imezimwa.
Nasikia mgongo wake ukisugua ukuta.
Anapita kiupande.