Chombo cha Kuweka Pasipo Kitu

Mwalimu Ng'wasi alikuja karakana ya Nyakato
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Akaikunjua mezani pangu, kati ya puli na grisi.
"Nikerezee silinda hii, Fundi Lutonja, na vifuniko viwili."
Nikauliza itawekwa nini. Mafuta? Gesi?
"Haitawekwa kitu. Tutatoa hata hewa."

Nikacheka. Miaka thelathini na moja nakereza,
shafti za mashine za mpunga, bushi za injini za mitumbwi,
hakuna aliyewahi kunilipa nishike utupu.
Ombwe, akasema.
Midomo hufunguka, ikafumba, ikafunguka tena
bila kushika chochote.

Nilikuja kulielewa kwa bondo.
Sangara akivutwa kutoka kilindini, bondo lake huvimba,
likasukuma tumbo mpaka kinywani,
kwa kuwa maji yaliyombana hayapo tena.
Basi na sisi, nikajiambia, tuko chini ya ziwa jingine,
la hewa, na hatulihisi.
Silinda yangu italibeba ziwa hilo mgongoni
na ndani isiwe na cha kujitegemezea.
Nikaongeza milimita mbili za unene.

Chuma cha pua hakina huruma kwa kisu butu.
Pete ilikuwa nyembamba, taya za mashine zikaiminya ikawa yai.
Siku nzima nikachonga kishikizo cha alumini,
kitu cha kushika kitu, ambacho hakuna atakayekiona,
kikaikumbatia pete kama kiganja na kifaranga.
Chuma kikaanza kumenyeka, nyuzi ndefu za buluu.
Umeme ukakatika nikiwa nusu ya njia ya mwisho.

Halafu bolti.
"Zitoboe katikati, kila moja, kichwa hadi mkia."
Nani hutoboa bolti nzima?
"Hewa hubaki chini ya shimo, imefungiwa,
inatoka kidogo kidogo, wiki nzima,
nasi tunadhani ukuta unavuja."
Nikamkumbuka kaka yangu Shigela, kule Magu.
Hatujasemezana tangu matanga ya mama.
Nikatoboa zote kumi na sita.

Nilipotaka kuifuta silinda kwa kiganja, akanidaka mkono.
Alama ya kidole changu, alisema,
itapumua humo ndani siku nyingi.
Niliudhika. Vidole hivi ndivyo vilivyoifanya!
Nikavaa glovu za hospitali
na mikono ikawa ya mtu mwingine.

Usiku wa kwanza geji ilishuka, ikasita, ikakaa.
Ng'wasi akapakaza spiriti kwa pamba, kiungo kwa kiungo.
Nje, wadudu wa ziwani walikuwa wameifunika taa ya mlangoni
hadi ikabaki na mwanga wa chai.
Kwenye kifuniko cha pili, sindano ikaruka.
Methali inasema ufa. Huu haukuwa ufa,
ni mkwaruzo mmoja, mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
umekata uso wa kufungia toka ndani hadi nje.
Naijua tupa iliyopita pale, na haraka iliyoishika.
Ningeweza kusema umeme.
Nikasema, "Ni mimi."

Nikakitoa kishikizo tena chini ya benchi,
nikanyoa sehemu tano za mia ya milimita,
pumzi nimeibana, kana kwamba yangu nayo ingevuja.

Ijumaa walizima taa.
Volti zilipopanda, nyuma ya kioo ikaamka zambarau hafifu,
hewa chache iliyokataa kutoka, ikiwaka.
Wanafunzi saba, na hakuna aliyekohoa.
Ng'wasi alikuwa akisoma namba kwa sauti.
Mimi nilikuwa natazama bolti.

Jumamosi nilikwenda Magu.
Mfukoni nilikuwa na ile ya kumi na saba, ya akiba.
Shigela aliigeuzageuza, akauliza ni ya nini, imetobolewa hivi.
Nikamwambia afumbe jicho moja, atazame.