Thelathini na Moja

Nilimwachia Mihayo laki moja na ishirini
pale Isevya, kibandani kwake, nyuma ya pazia la kiroba,
akanipa simu yenye ufa mmoja kwenye kona
na maneno matamu kuliko asali ya Sikonge:
"Mama Nkamba, hii imetumika kidogo tu.
Mwenyewe alikuwa mtu wa ofisini."

Mtu wa ofisini! Kumbe aliichaji usiku kucha,
miaka minne, kama anayemlisha mgonjwa aliyeshiba.
Mpwa wangu akazama ndani kabisa ya mipangilio,
akasoma kwa sauti ya karani wa Kitete:
Afya ya betri, asilimia sabini na moja.
Nikacheka. Mimi, na magoti yangu haya,
nani amewahi kunipigia hesabu?

Kazi yangu ni kupika stesheni.
Chapati, maharage, mayai ya kuchemsha, chai ya tangawizi.
Na treni ya Kigoma haina saa, ina siku tu.
Basi dada yangu Nyanzala, aliyeolewa Usoke,
ikipita kwao hunipigia, husema neno moja: "Imetoka."
Hapo ndipo ninapowasha mkaa.
Nikiwahi, mkaa unakula faida.
Nikichelewa, abiria wanakula kwa wenzangu.
Ada ya shule ya Nkamba imening'inia
kwenye neno moja la dada yangu.

Na simu hii ina uongo wake.
Saa mbili usiku inasema hamsini.
Saa tatu, arobaini na nne; nashukuru.
Ikifika thelathini na moja haishuki tena,
inazimika,
kama bwana mwenye heshima zake
anayekwambia hela anazo,
mkifika kwa muuza nyama anaomba kwenda msalani.

Usiku mmoja wa Julai, baridi ile inayopasua midomo,
ikazimika neno likiwa njiani.
Nyanzala alisema, "Ime—"

Imetoka? Imekwama? Imeanguka?
Jambo limeshatendeka, ila lipi?
Nikakaa na kiberiti mkononi,
herufi tatu za kuendeshea jiko zima.
Nikawasha.
Treni ikaingia jua limeshatoka,
mkaa umekuwa majivu,
chapati zangu unaweza kuzishonea viatu.

Tangu hapo nimejifunza adabu zake.
Nimepunguza mwanga mpaka nasoma kwa kukisia.
Nimezima mtetemo, nimezima ramani
(naenda wapi mimi?),
nimefuta michezo ya mpwa wangu, akanuna siku mbili.
Usiku wa baridi naiweka kifuani, ndani ya kitenge,
kama kifaranga kilichoachwa na mama yake.
Mihayo aliifungua mgongo, akaguna:
"Imevimba kama andazi, mama. Ninayo nyingine,
nimeitoa kwenye simu iliyozama, ina themanini."
Nikamwambia ngoja treni mbili zipite.
Zimepita sita.

Kuna kitu kimoja sijakizima.
Kila siku, saa tatu na nusu usiku, inalia,
na kwenye kioo yanatokea maneno ya yule wa ofisini:
DAWA ZA BABA.

Mihayo hakuifuta vizuri. Mpwa wangu anasema
ni kugusa mara moja tu, inaondoka,
na isitoshe, shangazi, inakula chaji.
Inakula, ndiyo. Najua inakula kiasi gani,
nahesabu asilimia kama wengine wanavyohesabu sarafu.
Ila sijui kama baba huyo alimaliza dozi.
Sijui kwa nini mtu auze simu
na kengele ikiwa bado ndani.

Ikilia, nafuta unga mikononi,
nasema, "Kunywa, mzee,"
naituliza kwa kidole, natazama pembeni juu:
thelathini na nane.
Usoke bado kimya.