Udongo Wangu kwa Jirani

Mlima wa Poroto ulishuka usiku, bila hodi.
Kulipokucha shamba langu lilikuwa kwa Tusajigwe,
robo tatu yake, pamoja na mbolea ya mkopo.
Kwangu ulibaki mwamba, uchi kama goti.

Masale ya mpaka hayakuonekana.
Mpaka ule ulitufikisha kwa mtendaji mara mbili,
kwa ugomvi wa hatua moja na nusu.

Wageni walileta mablanketi, wakatuhesabu,
wakaondoka kabla ukungu haujafunga njia.
Tukabaki na majembe. Jumanne kwa Anyosisye,
Alhamisi kwa mjane wa Mwashiuya,
tukichimbua mabati, tukiyanyoosha kwa nyundo,
misumari iliyopinda tukiitia kwenye kopo la maziwa.
Kinu kilipatikana. Mchi, hapana.
Lugano alipatikana siku ya nne.
Tulimzika juu zaidi, penye mawe.

Mwezi wa sita viazi vikachanua kwa Tusajigwe,
mahali ambapo hakupanda kitu.
Niliyajua yale maua ya zambarau: mbegu yangu.
Nikanyamaza.

Alipovuna akaja na debe kichwani,
akalitua mlangoni, mlango wa turubai.
"Hivi ni vyako," akasema.
"Udongo sijui ni wa nani."

Tukamenya pamoja, hatukuongea sana.

Kesho yake tukavuta kamba,
yeye mwisho huu, mimi ule,
masale machanga yakisubiri kwenye ndoo.
"Sogea," akasema. Nikasogea.
"Si huko. Rudi kwako kidogo."
Kamba ikalegea katikati.
Tukapanda hivyo hivyo.