Kabatini

Hurekodi ndani ya kabati, katikati ya makoti,
maana sufu humeza mwangwi.
Tuulikki kakalia viatu vya marehemu mumewe;
Eero wa posta kakunja magoti hadi kidevuni;
kipaza sauti kimefungwa kwa soksi kwenye kiango.
Nje, Oulu imeganda: nyuzi thelathini chini ya sifuri.

"Haya, wiki hii sukari imetupeleka wapi?"

Eero anakiri. Jumanne alisahau kalamu ya insulini
katika mfuko wa nje. Alipanda ngazi, akagawa barua,
alipoitoa, dawa ilikuwa barafu.
Sasa huibeba kwapani. "Naatamia," anasema,
na Tuulikki anacheka mpaka viango vinagongana.
Hapo hawatakata.

Yeye hana kisa kikubwa.
Mjukuu kamwuliza kama sindano inauma.
Sindano si kitu, mwanangu. Hesabu ndiyo inayouma:
miaka thelathini na minane naletewa keki,
na namba naiona kabla ya mshumaa.

Kisha mlio. Si simu.
Kihisi mkononi mwa Eero: tatu nukta moja, na inashuka.
Jasho. Neno "alhamisi" linamponyoka,
analitafuta, halipo, anatabasamu kama mlevi.
Tuulikki hazimi mashine. Anapapasa mifuko,
huu glovu, huu tiketi ya basi,
huu, wa koti la kuvulia samaki,

peremende mbili.

Hakuziweka yeye.
Anaingiza mkono koti la pili: mbili.
La kijivu, la harusi na mazishi: mbili.
Mzee yule asiyewahi kumwuliza, "Leo ngapi?"

Watakaosikiliza watasikia karatasi tu,
kwacha, kwacha, halafu meno,
halafu dakika kumi na mbili za watu wawili wakipumua.
Wasikilizaji wao ni arobaini na mmoja.
Mmoja huendesha lori la magogo njia ya Kuusamo;
ataegesha pembeni, azime injini,
apapase mfuko wake mwenyewe.

"Ina ladha ya chambo," Eero anasema hatimaye,
midomo ikianza kurudiwa na rangi.

"Naye ndivyo alivyonukia," anasema Tuulikki.

Alhamisi, Eero anakumbuka. Tukutane Alhamisi.