Mdalasini wa Okidi

Doa la kwanza nililidhania vumbi la Chumbageni,
nikalifuta kwa ncha ya kanga yake.
Halikutoka.
Jumatatu yakawa matatu, meusi,
kila moja limevaa pete ya manjano
kama jicho la mgonjwa wa ini.

Mashavu yuko Korogwe, anamuuguza mamaye.
Kila Ijumaa hupiga: "Okidi yangu je?"
"Haijambo," nasema, nimelipa ua mgongo.

Kosa langu ni mapenzi ya usiku:
kila baada ya isha niliimwagia maji, majani na yote,
kisha nikafunga dirisha mbu wasiingie.
Hewa ikalala, maji yakalala,
kuvu peke yake ikakesha.

Semhando wa duka la pembejeo, barabara ya nane,
alilifungua jani nililomletea gazetini:
"Hili limekwisha. Kata mpaka ukute kijani kizima.
Wembe upitishe motoni kila mkato.
Maji asubuhi, mizizini tu.
Na dirisha, bwana, fungua!"

Nimekata mawili. Mkono ulitetemeka
kuliko siku ile ya kumnyoa mtoto nywele za arobaini.
Vidonda nikavipaka mdalasini,
wote uliosalia koponi;
chai yangu sasa ni majani na sukari, basi.

Leo Ijumaa. Pazia linapepea,
mbu wananila vifundo vya miguu.
"Okidi yangu je?"
"Imebaki na majani matatu."
Kimya.
Kisha, huko Korogwe, anacheka:
"Ulikuwa unainywesha usiku, eh?"